Historia ya Wabulgaria Iliyouzwa kwa Mizani

Mwaka 1931 serikali ya Uturuki ilikuwa na shehena ya karatasi kuukuu mjini Istanbul ambayo iliiona kama taka. Jamhuri ilikuwa changa, hati ya Kiarabu ilikwisha kufutwa mwaka 1928, na karatasi zenyewe zilikuwa za makarani wa masultani: hesabu za kodi, barua za makadhi, maombi ya watu wadogo. Basi zikauzwa kwa mizani. Mnunuzi alitoka Bulgaria, na nia ilikuwa kuziloweka kiwandani, kuzisaga na kutengeneza karatasi mpya. Zilipokuwa zinasombwa kwenda stesheni ya Sirkeci, maroboto yakafunguka njiani na karatasi zikadondoka barabarani. Wapita njia wachache waliojua kusoma hati ya kale wakaziokota, wakashtuka, na habari ikafika magazetini. Lakini mzigo mwingi ulikwisha kuvuka mpaka. Huko nako watu wakang'amua kilichonunuliwa kabla mashine hazijakila chote, na sehemu kubwa ikaishia katika Maktaba ya Taifa mjini Sofia, ambako ipo mpaka leo.

Tazama kinyume chake kilivyo. Nchi iliyokuwa imejitoa chini ya Waosmani mwaka 1878, baada ya karibu miaka 500, ilijikuta imenunua kumbukumbu za bwana wake wa zamani kwa bei ya takataka. Na ndani ya takataka hizo, kwa maoni yangu, mna habari nyingi zaidi za Wabulgaria wa kawaida kuliko katika vitabu vyote vya fahari vilivyowahi kuandikwa juu yao. Mtu anayeandika ili akumbukwe huwa anatuangalia sisi usoni huku anaandika. Anachagua, anapamba, anaficha. Karani wa kodi hana habari nasi. Anataka kujua nyumba ngapi, kondoo wangapi, nani kafa.

Tuanzie mbali kidogo. Karne zao za mwanzo Wabulgaria hawakuandika wenyewe. Waliandikwa na maadui zao. Habari ya namna mkuu wao Asparuh alivyovuka mto Danube na watu wake, akamshinda kaisari wa Bizanti, dola ya Wagiriki, Konstantino wa Nne na kupata mkataba mwaka 681, tunaipata hasa kwa Wagiriki wawili, mtawa Theophanes na patriaki Nikephoros. Wote wawili waliandika zaidi ya miaka 100 baada ya tukio, wakinakili kwa mtu mwingine ambaye maandishi yake yamepotea. Theophanes alikuwa na sababu ya ziada ya kuwa na kinyongo: mwaka 811 khani Krum, mtawala wa Wabulgari, alimuua kaisari Nikephoros wa Kwanza vitani, na mtawa huyo anasimulia kwamba fuvu lake lilitiwa fedha likawa kikombe cha kunywea. Anayeandika akiwa na habari kama hiyo kichwani hawezi kuwaita wageni wa kaskazini majina mazuri, na kweli hakuwaita.

Hata hivyo adui ana faida zake. Theophanes anasema kaisari alishindwa kwa sababu aliugua miguu, akapanda merikebu kwenda kwenye mabafu ya Mesembria, na askari wake wakadhani amewakimbia. Hakuna mshairi wa khani ambaye angekubali kusema ushindi wa kuanzisha dola ulisaidiwa na ugonjwa wa miguu. Adui amelitaja kwa sababu alikuwa anatafuta udhuru. Ndipo msomaji makini anapopata kitu.

Halafu kuna lile ambalo adui hakulisema. Watoto wa shule Bulgaria husimuliwa kwamba mzee Kubrat, baba yake Asparuh, aliwaita wanawe watano kabla ya kufa, akawapa fungu la fimbo walivunje, wakashindwa. Akazitoa mojamoja, zikavunjika. Maneno ya nembo ya taifa lao, kwamba umoja ndio nguvu, huelezwa kwa kisa hicho. Ukifungua Theophanes, fimbo hazimo. Kubrat anawausia wanawe wasitengane, basi, nao wanatengana. Fimbo zimetoka kwa mwandishi Mgiriki Plutarch, aliyekisimulia kisa hicho juu ya mfalme wa Waskithi miaka mingi kabla ya Kubrat kuzaliwa. Mtu fulani, wakati fulani, alikiona kisa kizuri hakina mwenyewe hapo jirani, akakihamisha.

Sisi wa pwani shahidi wa namna hii tunamjua. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331 na kuusifu mji, ndiye huyohuyo aliyedai kufika Bulghar kando ya mto Volga, kwa jamaa wa mbali wa Wabulgari waliohamia Danube. Wataalamu waliopiga hesabu ya siku za safari yake wanaona hakufika. Kilwa tunamwamini, Bulghar hapana, na kalamu ni ileile.

Karne ya 9 khani wenyewe wakaanza kusema, kwa kuchonga mawe, na walichonga kwa Kigiriki kwa sababu lugha yao haikuwa na maandishi ya namna hiyo. Wageni wengi hupelekwa Madara, kwenye mpanda farasi aliyechongwa mwambani mita 23 kutoka chini. Mimi ningependa zaidi kusimama mbele ya nguzo moja iliyo ndani ya kanisa la Mashahidi Arobaini mjini Veliko Tarnovo. Nguzo hiyo ni ya khani Omurtag, na mwisho wake una maneno ambayo kila Mbulgaria aliyesoma anayajua: mtu, hata akiishi vizuri, hufa, na mwingine huzaliwa, naye atakayezaliwa nyuma, akiyaona haya, amkumbuke aliyeyafanya.

Maneno matamu. Ni matangazo pia. Omurtag alijenga, akataka sifa, akazipata kwa miaka 1,200. Lakini juu ya maneno hayo, nguzo ina sehemu ambayo hakuna anayeikariri: khani anaeleza kwamba amejenga nyumba mpya kwenye Danube, akapima ardhi katikati ya nyumba ya zamani na mpya, akainua kilima cha udongo, na kutoka katikati ya kilima hadi upande mmoja ni pima 20,000, na upande wa pili pima 20,000. Hizo pima ndizo zimewafanyisha kazi wanaakiolojia. Walijaribu kuzitembea kwenye ramani, kutoka Pliska, mji mkuu wa khani, hadi mtoni, na wamebishana juu yake kwelikweli. Beti ya kifo humpa mtu huzuni. Pima humpa mahali pa kuchimba.

Na si pima tu. Lugha ya hao Wabulgari wa mwanzo, kabla hawajameza na kumezwa na Waslavi, imepotea karibu yote. Tuna majina, vyeo, maneno ya kalenda. Maandishi machache yaliyopo kwa lugha yenyewe, kwa herufi za Kigiriki, ni pamoja na jiwe lililopatikana Preslav, na jiwe hilo halina wimbo wala sala. Ni orodha ya deraya na kofia za chuma pamoja na idadi zake. Mtunza stoo wa silaha amehifadhi alichokiacha mshairi.

Kalenda nayo ilifunguliwa vivyo hivyo. Kuna orodha fupi ya khani, iliyookolewa ndani ya vitabu vya Kirusi na kugunduliwa karne ya 19, inayoanza na Avitohol, ambaye inasema aliishi miaka 300, na Irnik miaka 150. Kila khani ana ukoo wake na maneno mawili ya ajabu ya kutaja mwaka, ambayo yalikuwa fumbo tupu. Ufunguo ukatoka kwenye jiwe lingine la Omurtag, la Chatalar, ambamo mchongaji ametaja tarehe mara mbili: kwa Kibulgari ni mwaka wa sigor elem, kwa Kigiriki ni mwaka wa 15 wa mzunguko wa kodi, yaani 821 hadi 822. Mzunguko wa kodi, nasisitiza. Bila ushuru wa Bizanti tungekuwa bado tunakisia.

Lakini kama ningeambiwa niokoe andiko moja tu la zama hizo moto ukiwaka, ningeacha nguzo zote nikabeba barua. Khani Boris, aliyebatizwa na Wagiriki kama mwaka 864, hakuridhika nao kwa sababu walimnyima kanisa lenye mkuu wake mwenyewe. Mwaka 866 akatuma wajumbe Roma na maswali lukuki. Papa Nikolasi wa Kwanza akajibu, majibu 106. Maswali yamepotea. Tumebaki kama mtu aliyekaa kwenye daladala anamsikiliza jirani akiongea na simu: upande mmoja tu, lakini kwa ule upande mmoja unaijua nyumba yao yote.

Je, mwanamke akivaa suruali ni dhambi? Papa anajibu kwamba suruali haiongezi wala haipunguzi wokovu, wavae wapendavyo. Jibu hilo la mistari michache linatuambia kwamba wanawake wa Kibulgari walivaa suruali, kama inavyowafaa watu wa farasi, na kwamba kuna mtu, bila shaka padri wa Kigiriki, alikuwa amewaambia vibaya. Kuoga Jumatano na Ijumaa? Wagiriki walikataza, Papa anaruhusu. Bendera yetu vitani ni mkia wa farasi, sasa tubebe nini? Msalaba. Tunaapa kwa upanga uliochomekwa katikati yetu. Tuape kwa nini? Kwa Mungu. Mfalme wetu hula peke yake mezani, hata mkewe hakai naye, wengine wakila mbali chini kwenye vigoda. Papa anasema jambo hilo haliendi kinyume na imani, ila si adabu, na anamshauri unyenyekevu.

Hapo unacheka. Halafu unafika mahali Boris anaeleza kwamba wakuu waliasi wakitaka kurudi kwenye dini ya zamani, naye akawashinda, akawaua pamoja na watoto wao, na sasa anauliza kama ametenda dhambi. Papa anamwambia ndiyo, kwa habari ya watoto wasio na hatia ametenda. Sijui mwandishi wa taarikhi yeyote wa Bulgaria aliyethubutu kutuonyesha mwanzilishi wa Ukristo wa taifa, anayeheshimiwa leo kama mtakatifu, akiwa na swali hilo kinywani. Boris mwenyewe ametuonyesha, kwa sababu hakuwa anaongea nasi.

Lazima nikiri kasoro ya barua hiyo: ni sauti ya ikulu. Mkulima Mslavi aliyelima bonde la chini ya Pliska hana swali hata moja kati ya yale 106. Kumpata huyo inabidi tungoje karani wa Kiosmani.

Karne zilizo katikati nazipita haraka, ingawa zina mengi. Mwaka 1762 mtawa Paisius, katika mlima Athos wa watawa huko Ugiriki, alimaliza kitabu kidogo cha historia kilichowakemea Wabulgaria walioona haya kujiita Wabulgaria. Kama ushahidi juu ya khani Krum hakina uzito. Alitegemea sana waandishi wawili wa Kikatoliki waliotafsiriwa Kirusi, Orbini na Baronius. Kama ushahidi juu ya Wabulgaria wa 1762 ni dhahabu. Na karatasi zake zenyewe zimekuwa na maisha ya ajabu: mwaka 1985 maofisa wa usalama wa taifa wa Bulgaria waliuiba muswada wake kutoka monasteri ya Zograf huko Athos na kuuficha Sofia, hadi rais Petar Stoyanov alipourudisha mwaka 1998. Serikali ya wakomunisti wasiomwamini Mungu ilituma majasusi wakaibe kitabu kwa watawa.

Sasa nifike kwenye kiini. Katika milima ya Rhodope kuna bonde liitwalo Chepino, na watu wake wengi ni Wapomaki, yaani Waislamu wanaozungumza Kibulgaria. Walisilimu vipi? Mwaka 1870 Stefan Zahariev, mwandishi wa eneo hilo, alichapisha masimulizi aliyosema ni ya padri wa karne ya 17, Metodi Draginov, wa kijiji cha Korova. Padri anasimulia kwa machungu: jeshi la sultani linapita kwenda vitani, pasha anawaita makasisi na wazee, wasilimu au wafe, njaa inakuja, nafaka inatolewa kwa waliokubali tu, wengine wanakimbilia msituni. Ni andiko linaloshika moyo. Asili yake haikuonekana na mtu mwingine.

Taifa liliaminishwa andiko hilo kwa zaidi ya karne moja. Liliingia vitabu vya shule. Riwaya mashuhuri ya 1964 ilijengwa juu yake, na mwaka 1988 ikawa filamu. Kijiji cha Korova kikabadilishwa jina na kuitwa Draginovo, kwa heshima ya padri. Wakazi wake, tafadhali kumbuka, ni Waislamu. Wakati huohuo wataalamu wa lugha wa Bulgaria hiyohiyo, hasa Iliya Todorov mwaka 1984, walikuwa wanaonyesha kwamba Kibulgaria cha padri si cha karne ya 17, ni cha karne ya 19, ya Zahariev na vuguvugu la ukombozi.

Kinachonivutia ni kwamba jibu lilikuwa limekaa ndani ya daftari muda wote. Natumia neno daftari kwa makusudi, maana Waturuki nao husema defter, neno lilelile lililotufikia sisi kwa njia ya Kiarabu. Msomaji wa Kiswahili akifunuliwa ukurasa wa nyaraka hizo asingekuwa mgeni kabisa: kuna kadhi, kuna jizya ya wasio Waislamu, kuna ushuru. Kila kijiji kina kichwa chake, chini yake majina ya wanaume wenye nyumba, mmoja baada ya mwingine, Wakristo upande wao na Waislamu upande wao. Ivan mwana wa Petko. Todor mwana wa Stoyan. Kisha, huku na huko, jina linalotofautiana na wenzake: Ali mwana wa Abdallah. Hasan mwana wa Abdallah.

Abdallah, mtumwa wa Mungu. Karani hakutaka kuandika kwamba baba yake Hasan ni Petko, kafiri, basi akamwandikia baba ambaye kila mtu anaweza kuwa mwanawe. Kwa hiyo kila "mwana wa Abdallah" kwenye vijiji kama hivi mara nyingi ni mtu aliyesilimu yeye mwenyewe. Kizazi kinachofuata ni Mustafa mwana wa Hasan, na alama imefutika. Ukiwa na daftari za miaka tofauti za kijiji kimoja, unaweza kuhesabu. Mtafiti Mholanzi Machiel Kiel alifanya hivyo, na kilichoonekana Chepino ni watu kusilimu kidogokidogo, nyumba kwa nyumba, tangu karne ya 16, muda mrefu kabla ya pasha wa padri Draginov kufika.

Na yale maroboto ya 1931 yakaongeza lingine. Ndani yake mlikuwa na maombi ya watu waliokwenda kwa sultani, kati ya miaka ya 1670 na 1730 hivi, kusema wamesilimu na kuomba nguo mpya au bei ya nguo hizo, kama ilivyokuwa kanuni. Mtu amekuja na familia, ni fukara, anaomba kuvishwa. Nyuma karani ameidhinisha malipo. Sikiliza vizuri: si padri anayelia, wala si mhubiri anayeshangilia. Ni mtu anayetaka kilemba na kanzu, na mhasibu anayetaka kufunga hesabu.

Nisieleweke vibaya. Daftari ina uongo wake. Watu walificha wana wao wasilipiwe kodi, karani mvivu alinakili majina ya marehemu, vijiji vya mlimani vilirukwa. Na haisemi kitu juu ya moyo: jizya ni shinikizo, hadhi ya chini mahakamani ni shinikizo, na wavulana wa Kikristo waliochukuliwa kuwa askari wa sultani walichukuliwa kwelikweli. Wala sisemi ukatili ni hadithi. Batak haiko mbali na Chepino. Watu wa kijiji hicho walichinjwa mwaka 1876, na miezi michache baadaye mwandishi wa habari MacGahan na mwanadiplomasia Schuyler, Wamarekani wote wawili, walifika na kukuta maiti bado hazijazikwa. Juu ya waliokufa katika maasi yote ya mwaka ule walipishana, Mwingereza Baring akisema 12,000 na Schuyler 15,000, lakini kuhusu Batak wote wawili walitaja watu 5,000 hivi. Ushahidi wa Batak unasimama kwa sababu ni wa watu tofauti, wenye serikali tofauti, waliofika mapema. Wa Draginov umesimama kwa mguu mmoja, na mguu wenyewe ni wa bandia.

Ubishi huu haukubaki kwa maprofesa. Ukishaamini kwamba Waislamu wote wa nchi ni Wabulgaria waliolazimishwa, hatua inayofuata inajipendekeza yenyewe: warudishwe. Kati ya 1970 na 1974 Wapomaki wa Rhodope walibadilishwa majina kwa nguvu. Majira ya baridi ya 1984 na 1985 ikawa zamu ya Waturuki wa Bulgaria. Serikali iliuita mpango huo kuzaliwa upya, na wanahistoria wakapewa kazi ya kuutafutia mizizi. Mwaka 1989 watu zaidi ya 300,000 walifunga mizigo na kuvuka kwenda Uturuki. Ile filamu ilikuwa imetoka mwaka mmoja kabla.

Mwezi Machi 1990, utawala ulipokwisha kuanguka, ikapitishwa sheria ya kuwaruhusu watu kurejesha majina yao. Makarani wa serikali za vijiji wakafungua tena rejista zilezile. Wengine walikuja kuchukua jina la zamani. Wengine hawakuja: walikuwa Bursa au Istanbul, au walikuwa wamekwisha kulizoea jipya, au walibaki na mawili, moja la ofisini na moja la nyumbani. Yote hayo yameandikwa, kwa mkono wa mtu aliyekuwa anangoja saa ya kufunga ofisi.